Kiitikio cha Magodoro

Fundi alikuwa amechoka mpaka kwenye kope. Kazi yenyewe ya kuchekesha: wimbo wa tangazo la magodoro, na mtengenezaji wake wiki nzima hajui usingizi una rangi gani. Lawama zote alimtupia dada yake.

Ni hivi. Tangu Fundi aanze kurekodi nyimbo katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, viitikio vyote aliimba dada yake mkubwa. Mwezi uliopita, mbele ya wapiga gita wawili, Fundi akamvua dada mtu hedifoni na kumwambia, "Dada, unashuka chini ya noti. Kila siku unashuka. Sauti imekwisha, tukubali tu." Dada alichukua mkoba wake akaenda zake, na tangu hapo simu zao zikawa za salamu za mkato.

Basi ikabidi kiitikio cha magodoro kishonwe kwa viraka. Fundi alikata sauti ya mama mmoja kutoka wimbo wa zamani wa harusi, akakata gita kutoka wimbo mwingine kabisa. Hapo ndipo kazi ilipo. Gita lilirekodiwa kwenye kanda iliyokuwa ikizunguka polepole, kwa hiyo noti zake hazipo popote kwenye kinanda. Zimekaa katikati ya vibonye viwili. Ukilipandisha sana, linalia kama gita la watoto la kuchezea. Ukimshusha mama, anakuwa mwanamume. Inabidi uwasogeze wote, huyu kidogo, yule kidogo, mpaka wapatane. Fundi alifanya kama alivyofanya miaka yote: gita kwenye spika, sauti kwenye hedifoni, upande mmoja tu, sikio la kushoto. Akampandisha mama, akampandisha tena, mpaka wakakaa.

"Hapo!" akasema, akaegemea kiti.

Mchana mwenye magodoro akaja kusikiliza. Mtu mnene, mpole, asiyejua do wala re. Alisikiliza mara moja, akajikuna shingo.

"Fundi, usinielewe vibaya. Huyu mama anaumwa?"

"Anaumwaje?"

"Anaimba kama amebanwa na mlango. Mteja wangu akisikia hivi, hata umlaze kwenye godoro gani, usingizi haupati."

Jamani, Fundi alipandwa na mori! Alibadilisha waya, akalaumu spika, akalaumu umeme, almanusura aulaumu na ukuta. Mwenye magodoro akaaga kwa adabu, akasema atarudi jioni, na kama bado, basi atatafuta fundi mwingine.

Mkewe Fundi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Baba watoto, usinikasirikie. Yule mama yuko juu ya gita. Hata mimi nasikia."

"Na wewe umeshakuwa fundi?"

"Sijawa fundi, nina masikio. Na wewe siku hizi nikikuita upande huu wa kushoto huitiki." Akatua beseni, akaihamisha hedifoni kutoka sikio la kushoto la mumewe mpaka la kulia. "Hebu sikiliza na hili."

Fundi akasikiliza kwa kisirani tu, ili amnyamazishe. Lo! Mama wa harusi alikuwa huko juu, na gita huku chini, na mlango umembana kweli. Fundi akabonyeza kibonye kimoja cha kinanda. Sikio la kulia likapata noti. Akahamishia kushoto, akabonyeza kile kile: noti imeshuka. Akarudia, na kurudia. Kijasho chembamba kikamtoka, akaogopa. Lile ndilo sikio alilosimama nalo kando ya spika za harusini ujana wake wote, na tangu mafua ya mwaka huu lilikuwa likivuma, yeye analipuuza.

Kazi ingepatiwa dawa. Sikio la kulia lilikuwa zima, na kiitikio angeweza kukirekebisha kabla ya jioni. Kilichomuuma ni kingine. Dada hakuwahi kushuka.

Akampigia, simu kwenye sikio la kulia.

"Mdogo wangu," dada aliitika, na sauti ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Machozi yakamlenga Fundi.

"Dada, hukuwa unashuka. Ni sikio langu, la kushoto limeharibika. Nimejua sasa hivi. Nisamehe."

Huko upande wa pili bomba la maji likafungwa.

"Kumbe," dada akasema. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. "Mimi nilikuamini, unajua. Kwaya niliacha. Hata nikiosha vyombo, nikijikuta naimba, nanyamaza. Naona haya, peke yangu, jikoni."

"Imba kidogo, dada. Hapo hapo ulipo. Nikusikie."

Akamsikia akivuta pumzi. Noti moja ikaanza, safi kabisa, halafu ikakatika.

"Siwezi," dada akasema. "Nikifungua mdomo, nakusikia wewe."