Tochi Zenye Kikohozi

Saa tatu asubuhi, kama kila siku, Mama Pipa alijaza maji pipa lake mpaka kwenye mstari mwekundu, akamtaja Mungu, akatumbukiza wavu wenye tochi ishirini. Juu yake aliweka jiwe, zisielee. Kazi yake pale kiwandani ilikuwa hiyo tu: kuzizamisha nusu saa, kuzitoa, kuzifuta kwa kitambaa kikavu, kisha kuzigonga muhuri unaosema HAIINGII MAJI.

Siku hiyo alipozitoa, tochi ya kwanza ilikohoa. Kilikuwa kikohozi cha majimaji, kama cha mtu aliyelala na nguo mbichi. Mama Pipa aliipigapiga mgongoni mpaka ikatema maji, kiasi cha kijiko. Zile kumi na tisa nazo zikaanza. Kufikia saa sita alikuwa amezamisha mzigo mzima, na karakana ilikuwa na kelele za wodi. Meneja akashuka kutoka ofisini.

"Nani anaumwa huku?"

"Tochi, bosi."

"Ngapi?"

"Zote. Mbili zinapiga chafya tu, lakini naona zinaelekea huko huko."

"Zimeyapata wapi maradhi?"

"Kwenye ule mpira mwembamba wa kuzibia mlioleta mwezi jana. Maji yanapita kama yamealikwa. Bosi, hizi sizigongi muhuri. Mdogo wangu anasafisha visima, na mzigo huu unakwenda kwao. Ikizimika yuko chini kule, atashika nini?"

Meneja alikuwa mtu mwenye huruma, hapendi kuona kitu kinateseka. Baada ya chakula cha mchana alirudi na katoni mbili za dawa ya kikohozi, ile ya watoto, yenye ladha ya machungwa.

"Nusu kijiko kila tochi. Kikohozi kikikata, gonga."

"Na mpira?"

"Mama, mgonjwa amepona, unataka kumpasua wa nini?"

Mama Pipa alizinywesha, maana mgonjwa hanyimwi dawa. Saa kumi karakana ilikuwa kimya kabisa. Lakini muhuri alikataa kuushika. Aliushika mtunza stoo, akagonga tochi mia moja kabla ya kengele ya kutoka, akisema dhambi ikiwepo ni ya mkono, yeye hamo.

Wiki iliyofuata mdogo wake alikuja kumwona, paji la uso limechubuka.

"Dada, tochi yenu imenizimikia maji yakiwa kifuani. Nimepanda kwa kupapasa, ukuta wote nimeubusu."

"Haikukohoa kwanza?"

"Haikusema neno. Ilikuwa inanukia machungwa tu."

"Masikini," alisema Mama Pipa, na haikujulikana anamwonea huruma nani.

Jumatatu alikwenda ofisini kuomba mpira wa zamani. Meneja alimwambia asikilize vizuri huko chini: kuna anayelalamika? Basi Mama Pipa alirudi kwenye pipa lake. Mzigo mwingine wa wasafisha visima ulipofika mezani, alizinyima dawa, akaandika kwenye katoni kwa kalamu nene: HAZIJANYWA. Mtunza stoo alizigonga muhuri zikikohoa hivyo hivyo.

Siku hizi kazi ya kisima huanza kwa kunyamaza. Mmoja anashuka na tochi, wawili wanashika kamba, na hapana soga wala kuimba. Tochi ikikohoa mara moja, wanamwita. Ikikohoa mara tatu mfululizo, wanamvuta, awe amemaliza au hajamaliza. Kwa rehema za Mungu hajazama mtu. Mpira ni ule ule mwembamba, na kila tochi imeandikwa haiingii maji.

Juzi mdogo wake Mama Pipa alipaliwa na mate akiwa chini. Wakamvuta mbio mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki. Alipotokeza juu, tochi ilikuwa inawaka vizuri, haina hata mafua.

"Nilikuwa mimi!" alifoka. "Mimi mwenyewe!"

"Sasa sisi huku juu tutajuaje?" alijibu mshika kamba. "Mnafanana sauti."

Walilizungumza kwa utulivu, wakakaa kando ya kisima mpaka wakaelewana. Kuanzia siku hiyo, mtu akishuka kisimani, ni marufuku kwake kukohoa.