Duka Linalofungwa Saa Saba

Mwaka ule wa vita dhidi ya walanguzi, redio pekee yenye betri mtaani kwetu Mugumu ilikuwa ya Athumani, fundi cherehani. Aliiweka barazani watu wasikilize bure. Wema mwingine huponza.

Siku moja mtangazaji akaeleza namna ya kumtambua mhujumu uchumi: hupokea wageni kutoka mbali, hufunga duka mchana, huficha bidhaa chini ya sakafu. Kornelio, mfugaji aliyeshonewa suti ya harusi na Athumani huyo huyo, akamgeukia.

"Fundi, kila saa saba unafunga duka. Unaendaga wapi?"

"Msikitini, Kornelio. Miaka yote unaniona."

"Aah, mimi nauliza tu."

Nauliza tu hiyo imewapeleka wengi ndani. Kesho yake watu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao hata kabla havijashonwa. Mwenye duka la jirani alikuwa amekamatwa wiki ile, na hakuna aliyejua alikopelekwa.

Athumani alitaka kuizima redio. Arafa, mkewe, akamshika mkono. "Ukizima watasema tunaogopa kusikia habari zetu." Basi wakaendelea kuinunulia betri, nayo ikaendelea kuwasema mlangoni kwao.

Aliyeumia zaidi ni Arafa. Alilala na sauti ile, akaamka nayo. Mwezi uliopita walipata mgeni, mjomba wa mumewe kutoka Tanga. Alikuja na mzigo gani? Na pale chini ya kitanda, Athumani aliposema anaziba tundu la panya, aliziba nini hasa? Aliogopa kuuliza, na kutojua kulimwogopesha zaidi.

Athumani alipokwenda kuswali adhuhuri, Arafa alisogeza kitanda, akachukua jembe, akachimba. Alichimba mpaka shimo likamfika magotini. Udongo mtupu. Akaketi ukingoni akilia, nusu kwa aibu, nusu kwa furaha kwamba mumewe ni yule yule aliyemjua.

Athumani akarudi, akafunua pazia la chumba. Alilitazama shimo, kisha akamtazama mkewe.

"Hata wewe, mama Shani?"

Hakuwa peke yake. Kornelio alikuwa ameingia nyuma yake kuuliza kama redio imeshawashwa, naye akachungulia juu ya bega lake. Aliutazama udongo mbichi, jembe, na shimo lisilo na kitu.

"Kumbe ni kweli," alisema polepole. "Mmehamishia wapi?"