Mshono Usioachia

Kwa miaka ishirini na sita ya ufundi cherehani sikuwahi kukosea. Nguo ikimbana mteja, mteja amenenepa. Ikimpwaya, anaumwa, aende hospitali. Nilikuwa nawaambia hivyo hivyo, macho makavu, na sauti yangu Mungu hakuiumba ya kunong'ona.

Mke wangu ndiye anayepokea wateja na kuwapima. Cherehani zetu mbili zinatazamana dukani. Siku niliyomwambia bibi harusi kwamba gauni halina kosa, ila yeye amekula sana, mke wangu aliweka chini futi yake.

"Baba watoto, nimechoka kuwaomba watu radhi kwa ajili yako," alisema. "Nakupa miezi mitatu. Usipobadilika, nahamishia cherehani yangu kwa dada yangu."

Nilijitia kucheka, lakini hesabu nilikuwa nimeshaipiga. Leo cherehani, kesho masanduku. Bila yule mwanamke mimi ni nusu ya mkasi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ukumbi wa taekwondo. Nikajiandikisha, nikiamini kwamba nikipiga watu jioni, asubuhi sitakuwa na haja ya kuwafokea. Wenzangu wa mkanda mweupe walikuwa saba, na mkubwa wao alikuwa na miaka kumi. Wakaniita babu. Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wangu, alituketisha sakafuni.

"Tae ni mguu, kwon ni ngumi, do ni njia," alisema. "Huko Korea michezo ya mateke ilikuwepo tangu zamani, lakini jina hili si la kale hivyo, lina umri wa babu zenu tu. Utawala wa Wajapani ulipokwisha, walimu walifungua shule, wengi wao wakiwa wamejifunza karate, na kila mmoja akaona njia yake ndiyo sahihi. Walibishana miaka mingi, hata juu ya jina lenyewe."

Nikafurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimefika kwa watu wangu.

"Ngumi tunaanza lini, mwalimu?"

"Leo tunajifunza kuinamiana, mzee."

Tuliinamiana wiki nzima. Halafu tukapiga mateke hewani mpaka nikasahau jina langu. Lakini siwezi kuficha: mgongo ulioniuma miaka kumi kwa kuinamia cherehani ulinyooka, na usingizi ukarudi. Nikajifunza pia kuhesabu kabla ya kujibu, moja, mbili, tatu ya Kikorea: hana, dul, set. Mteja wa kwanza kunisikia alidhani namsomea kitu kibaya, akatoka mbio akiacha suruali yake. Mke wangu akatikisa kichwa. Alisema kunyamaza si kubadilika.

Tatizo likawa sare. Walinipa suruali nyeupe pana kama pazia. Fundi gani avae gunia mbele za watu? Nikaipunguza ikanikaa sawasawa mapajani, nikapiga mshono mara mbili, uzi mnene. Nilijitazama kwenye kioo nikajipenda.

Siku ya mtihani wa mkanda wa manjano, mke wangu alikaa kwenye benchi na akina mama wa wenzangu. Miezi mitatu ilikuwa inaisha kesho yake. Mwalimu aliinua pedi ya kupigia mateke usawa wa kifua. Nikapiga ukelele, nikarusha mguu.

Suruali ya mtu mwingine ingechanika. Yangu haikuchanika. Mguu ulifika usawa wa goti ukagoma, suruali ikauvuta na mguu wa pili, nikaanguka chali kwa kishindo kikubwa. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mtoto mmoja alicheka mpaka akatolewa nje kunywa maji.

Majibu yalikuwa tayari mdomoni. Sakafu inateleza. Pedi iko juu mno. Nikamtazama mke wangu. Yeye hakuwa anacheka. Alikuwa ananisubiri, kama anavyosubiri kila mteja anapolalamika mbele ya kioo. Hana. Dul. Set.

"Mwalimu, naomba mkasi."

"Kuna nini, mzee?"

"Nimekosea. Nimeikata vibaya hii suruali. Kosa ni langu."

Nikaketi pale pale, nikafumua mshono wangu kutoka goti hadi juu, na nashukuru nilivaa kaptula ndani. Iliuma kuliko kuanguka. Kisha nikasimama, nikainama, nikarusha mguu. Pedi ikalia pa! Watoto wakashangilia babu yao.

Mke wangu alinifuata nikiwa nimeshikilia suruali kwa mikono miwili, mkanda wa manjano shingoni.

"Hebu rudia ulichosema kabla ya lile teke."

"Nimekosea," nikasema. "Na nilikuwa nakosea zamani pia. Naogopa sana kubaki peke yangu dukani."

Macho yakamjaa machozi, na cheko likamponyoka.

"Miaka ishirini na sita nimelisubiri neno hilo," akasema, "na umekuja kunipa ukiwa nusu uchi."

Kisha akatoa pini kwenye kitenge chake, akapiga goti mbele ya ukumbi mzima, akaanza kunibana suruali.