Nambari ya Mtu wa Karibu

Wananchi, simameni! Nawaletea habari za shujaa aliyeingia kliniki kichwa juu, kifua mbele, bila kutetereka.

Haya, kaeni. Dada aliingia kwa mlango wa nyuma, mtandio umeshuka hadi puani, akajibanza kwenye benchi kando ya mama mmoja mwenye mapacha.

"Ukicheka," akaninong'oneza, "nakurudisha bweni kabla likizo haijaisha."

Mimi, mdogo wake, nilikwenda kama karani. Dada anafua mashuka ya wodi ya wazazi, na miaka minne ya dawa ya madoa imempasua vidole. Siku hiyo vilijaa plasta, kalamu haishikiki. Mashuka yale humfikia kabla habari hazijawafikia ndugu. Akilikunjua moja tu, anajua kama mwenyewe amejifungua salama au hatarudi nyumbani. Hasemi. Anayaloweka kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto huifanya damu igande kwenye kitambaa.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu, nafasi ya kusomea kazi za maabara, na mchumba fundi friji aliyetaka mtoto hata kama ni jana. Vidonge vya kuzuia mimba alivisahau mara mbili, akaishi wiki tatu kama mtu anayesubiri hukumu.

"Wewe wa kitanzi, una watoto wangapi?" nesi aliuliza.

"Sina."

Benchi zima likageuka. "Mwanangu," akasema mama wa mapacha, "kitanzi ni cha sisi tuliochoka."

"Mimi nimechoka mapema, mama."

Chumbani nesi alituonyesha kidude cha plastiki na shaba, chenye umbo la T, kidogo kuliko kidole changu. "Kinakaa kwenye mji wa mimba. Hata asiyezaa anaweza kuwekewa. Kitauma kidogo, na hedhi inaweza kuzidi miezi ya mwanzo."

"Na nikitaka mtoto baadaye?"

"Tunakitoa, unazaa. Nyumbani wanajua?"

"Hawajui. Na wasijue."

"Fikiri, basi. Njoo Alhamisi. Tukihakikisha huna mimba, tunaweka."

Fomu nikaijaza mimi: jina, umri, kazi, nambari ya mtu wa karibu.

Jumatano Mama alitungoja jikoni, simu mkononi.

"Kliniki wamepiga. Wameuliza kama ni wewe, nikasema ndiyo. Kumbe kesho nina miadi ya kitanzi, mimi mwenye nywele nyeupe!" Hakucheka. "Unafunga mlango kabla mgeni hajabisha?"

"Ni miaka mitatu tu, Mama. Nimalize chuo."

"Mimi nilikaa saba bila mimba. Unajua waliniitaje? Na waliokuwa wakiniita hivyo walikuwa wakila kwangu."

"Najua, Mama. Lakini wewe hujui ninachokifua."

Mama akakaa kwenye kigoda, akalia bila sauti. Afadhali angempiga. Alhamisi Dada alikwenda kazini kama kawaida, na kliniki hakwenda.

Ijumaa nilimpelekea chakula chumba cha kufulia.

"Nambari ya Mama waliitoa wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Mazoea ya bweni, Dada. Kila fomu inadai nambari ya mzazi. Mkono ulijiandikia wenyewe."

Ulikuwa utetezi mzuri. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima.

"Shuleni unaandika ya Baba," akasema. "Ya Mama hujawahi kuiandika, maana Mama akipigiwa, huja shuleni mwenyewe."

Nimekamatwa. Basi, nakiri mbele yenu kama nilivyokiri mbele yake: niliiandika kwa makusudi. Nilitaka kuona uso wa Mama simu ikilia. Nilidhani tutacheka. Hapana, hata hilo ni uongo. Nilidhani nitacheka mimi.

Dada hakunigusa. Alivuta shuka jingine kutoka kwenye rundo, akalikunjua mbele ya dirisha, akalisoma, akalizamisha kwenye maji baridi.

"Alhamisi ijayo ya kliniki ni tarehe ngapi?" akauliza.

Nilikuwa naijua. Nikaogopa kuitaja, nisije nikamharibia tena.