Kitaa cha Petroli cha Bbosa

Ssenga Nalwoga alikuwa ameshaweka mguu kwenye kikanyagio, gauni lake refu la gomesi amelikusanya mkononi, alipokiona kitaa kikimkodolea macho pale mbele.

"Hicho kinachowaka ni nini?"

"Kitaa cha petroli, Ssenga," Bbosa akasema. "Usikijali, ni kibovu. Kinawaka tangu ninunue pikipiki."

Mguu ukarudi chini. "Basi mimi sipandi."

Steji nzima ya boda pale Nyendo ikageuka kutazama. Maana safari ile kila mtu aliijua, hata wauza ndizi wa kuchoma. Ssenga alikuwa shangazi yake Nakitto, binti ambaye Bbosa alitaka kumwoa, na hakuna mwanamume anayeingia nyumba ya watu kuposa kama shangazi wa binti hajatangulia kusema, huyu namjua. Baba wa binti na wazee wa Kalungu walikuwa wanangoja asubuhi hiyo hiyo. Asipofika, jina la Bbosa halitatajwa, na kule Lukaya kulikuwa na mwenye duka, tena mwenye gari, aliyekuwa akiomba Mungu iwe hivyo.

"Nikuitie boda nyingine?" Bbosa akauliza kwa unyonge.

"Nifike kwa kaka yangu juu ya boda ya mwingine, niwaambie ya mkwe wao niliiogopa?" Akaketi kwenye benchi la madereva, mkoba mapajani. "Tengeneza. Nakusubiri."

Kawooya, dereva mwenzake ambaye mdomo wake haujui likizo, akasogea. "Kata waya, bwana. Mimi changu nilikikata, sasa nina amani."

"Kwa hiyo wewe," Ssenga akamwambia, "mtu akikuambia neno usilolipenda, unamkata ulimi?"

Watu wakacheka mpaka Kawooya akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Akaitwa Lubowa, fundi wa ng'ambo ya barabara. Aliinama, akachomoa plagi iliyo chini ya tangi. Kitaa kikazimika.

"Waya mzima," akasema. "Ungekuwa umechunika unagusa chuma, kingeendelea kuwaka. Ugonjwa uko ndani."

Akamwaga petroli yote ya tangi kwenye kikombe. Ilifunika kitako cha kikombe tu, ikakoma. Akafungua kihisi, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, akakirudishia plagi yake. Kitaa kikawaka. Kisha akaomba chupa ya petroli ya Kawooya, akajaza kikombe, akakizamisha kidude humo.

Wakangoja. Kitaa kikafifia taratibu, kikazimika. Akakitoa, akakifuta kwa kitambaa. Baada ya kitambo kikawaka tena.

"Hiki hakiumwi," Lubowa akasema. "Kikilowa kinanyamaza, kikikauka kinapiga kelele. Bbosa, tangi hili ulilijaza lini mara ya mwisho?"

Bbosa aliitafuta siku hiyo kichwani, asiione. Miaka yote aliyoendesha pikipiki ya tajiri, alikuwa akipokezana jioni na dereva wa usiku, na petroli uliyoibakiza ulikuwa umemzawadia huyo wa usiku. Kwa hiyo ukajifunza: petroli ya chupa ya soda asubuhi, chupa mchana, jioni unarudisha chombo kikavu kama kibuyu cha mwaka jana. Kisha akanunua yake. Lakini dereva wa usiku, ambaye hayupo, bado alikuwa akimwogopa kila jioni.

Na kile kitaa alichokuwa akikitukana mbele ya abiria kilikuwa kinasema kweli siku zote.

"Pikipiki ni ya nani?" Ssenga akauliza kutoka benchini.

"Yangu, Ssenga."

"Yenyewe haijaambiwa."

Lubowa alipomaliza kufunga, Bbosa aliisukuma hadi kituo cha mafuta. Mhudumu, aliyemzoea, akatia kiasi cha chupa moja, akachomoa mpira.

"Endelea," Bbosa akasema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu."

Mhudumu akamtazama kama mtu aliyeokota pesa, akaendelea. Bbosa aliisikia sauti ya petroli ikipanda, ikibadilika, sauti asiyoijua. Alipowasha, kitaa kikababaika kidogo, kikafa.

Ssenga akapanda, akakaa ubavu, akalitengeneza vizuri lile fundo la mshipi wake.

"Kule wataniuliza nimekuonaje," akasema.

"Utawaambia nini?"

"Endesha kwanza. Kalungu ni mbali."

Njiani Bbosa alijikuta akiangalia pale pa kitaa, sasa penye giza, kila kona. Pikipiki, tangi limejaa, ilikuwa nzito kidogo chini yake, nayo haikumyumbisha.