Nani Anakula Mafuta?

Manassé alikuja kwenye mkutano wa wazazi na hasira zake zimeiva. Fundi wa reli huyu, mtu wa Kamina tangu kuzaliwa, la moyoni hakujua kulificha, na wazazi walikuwa wamemchagua juzi tu awe rais wa komite yao. Kuna kitu alitaka kikatwe kwenye hesabu za shule siku hiyo, na jirani zake wote walishakisikia.

Directeur Zacharie, mkuu wa shule, alisimama mbele ya ubao kueleza matumizi ya mwaka, na kama kawaida yake akaanza mbali. Zamani, shule ilipokuwa vyumba vitatu nyuma ya kanisa, pesa zote zilimezwa na mabati. Mabati yakaisha, yakaja madawati. Kisha serikali ikasema shule ya msingi ni bure, wazazi wakapumua, na matumizi yakahama tena: chaki, fotokopi, kufuli la choo. Watu wakacheka. Jamani, hata choo kina historia yake!

"Na mafuta," akamalizia haraka haraka. "Mafuta imepanda kidogo."

Haa! Manassé akainuka.

"Kidogo? Papa Directeur, na heshima yote. Zamani tulikubali mafuta ya taa, batoto ba examen basome mangaribi. Sasa kuko panneau solaire, umeme ya jua, juu ya shule, taa haziko tena. Lakini mafuta inapanda kila mwaka! Na ile pikipiki yako inafika mpaka Kaniama. Nani anakula mafuta yetu?"

"Kweli! Aseme!" wazazi wakaitikia.

Zacharie akavua miwani, akaifuta. Akawatazama akina mama waliokaa nyuma, akaendelea kuifuta. Huyo amekamatwa, Manassé akajiambia, na kifua kikamjaa.

"Benye banataka tukate mafuta, mikono juu!"

Mikono ikaanza kuinuka. Hapo akahisi shati linavutwa kwa nyuma. Alikuwa Élisa, mke wake.

"Ikala, kaa chini, Baba Chancelvie."

"Niache, mama."

"Ikala, nakuambia." Akashusha sauti. "Ile mafuta, njo siye benyewe tulikula."

Manassé akainama, na Élisa akamweleza sikioni. Ni mwaka ule alipovunjika mguu kazini, akalala na plasta miezi na miezi, sufuria nyumbani ikiwa imefunikwa tu mpaka jioni. Directeur hakuwa ananunua petroli. Alikuwa ananunua mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Unga na majani ya muhogo vilitoka shamba la shule, kilichokosekana ni mafuta ya kuyapika majani hayo yawe sombe. Watoto wote walikula pamoja saa ya mapumziko, ili isijulikane nani ametoka nyumbani na njaa. Tangu hapo Directeur hakuacha, na watoto wamezidi kuwa wengi.

"Alinikataza kusema," Élisa akanong'ona. "Alisema weye utasikia haya."

Manassé akaikumbuka blauzi nyeupe ya shule ya binti yake Chancelvie, doa la rangi ya machungwa kifuani, lile doa alilomgombezea. Akamkumbuka mtoto huyo akimsukumia sahani yake kila jioni: "Kula, papa. Minyi nimeshiba." Na yeye alikula. Masikini, alidhani mtoto hapendi chakula!

Mikono ilikuwa bado juu, watu wakimngoja.

"Mushushe mikono," akasema. "Niliuliza nani anakula mafuta. Ni minyi. Minyi njo nilikula."

Wazazi wakacheka wakidhani ni mzaha wa Manassé. Walipouona uso wake, wakashusha mikono.

"Papa Directeur, unisamehe. Ile mwaka ya mguu wangu ulilisha mutoto wangu, na mutoto akanilisha minyi, na sikujua. Aksanti. Aksanti sana, papa. Mafuta hatukati. Mafuta tunaongeza, na bidon ya kwanza ya mawese itatoka kwangu."

Zacharie alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani ilikuwa mkononi mwake. Élisa akalivuta tena shati la mumewe, polepole, na safari hii Manassé akaketi.