Rangi Nyeupe kwenye Dari la Mama

Msinione mtu mbaya. Au nioneni tu, potelea mbali. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nyumba niliyonunua ilikuwa gofu lenye mlango. Benki ilikubali kunikopesha ya kununulia na ya kukarabatia, ila ya ukarabati ingetoka kwa awamu. Ya kwanza ni ya paa. Mkaguzi wao akiridhika na paa, ndipo itoke ya mabomba na umeme. Tena walitaka kwanza nitangulize robo ya bei. Robo hiyo niitoe wapi mimi, karani wa zahanati? Akaitoa mama. Aliuza nyumba yake, vyumba viwili alivyojenga kwa kufua nguo za watu, akahamia kwangu. Aliomba jambo moja tu.

"Mwanangu, kifua changu unakijua. Chumba changu kisivuje."

"Mama, hilo ndilo la kwanza kabisa," nikamwambia. Na haki ya Mungu nilimaanisha.

Pesa ya paa ilipoingia, nikaenda dukani na fundi. Huyu fundi tunamwita Kesho Asubuhi, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Sasa pale dukani, kabla hujayafikia mabati, unapita kwenye vigae na makabati ya jikoni. Nikasimama. Miaka kumi na mitano nimepikia kwenye korido za nyumba za kupanga, nikigombania nafasi na wapangaji wenzangu. Nikajiambia mvua bado, paa litasubiri.

"Dada, tuanze na paa," akasema Kesho Asubuhi. Mtu asiye na haraka na kitu, siku hiyo yeye ndiye alikuwa na akili.

"Hela zako au zangu?" nikamkata kauli.

Basi jiko likapendeza! Mashoga zangu wakaja kulipiga picha, nami nikavimba kichwa wiki nzima. Mvua nayo haikuniuliza. Ilipoanza, chumba cha mama kilivuja kuliko vyote. Angelalamika, ningepata pa kumjibia kwa ukali. Alisogeza kitanda, akaweka beseni, akakohoa mpaka asubuhi, na mimi chumba cha pili nikajifunika shuka gubigubi nisimsikie.

Kisha benki wakapiga simu: mkaguzi anakuja Alhamisi. Wakigundua pesa ya paa imeliwa na jiko, wanasitisha mkopo na nyumba wanaichukua. Nikambana Kesho Asubuhi apige mabati mapya machache upande wa mbele, yanayoonekana barabarani.

"Na kule kwa bibi?" akauliza.

"Kule tunapaka rangi."

"Dada, rangi haizuii maji."

Aligoma kabisa kupaka. Nikapanda ngazi mwenyewe na brashi, nikaziba madoa yote kwa rangi nyeupe. Mama alikaa kitandani akinitazama, kitambaa puani. Niliona aibu, lakini nilimaliza.

Alhamisi mkaguzi akaja, kijana mpole mwenye faili kwapani. Akatazama mbele, akaandika. Akaingia kwa mama, akainua macho darini.

"Shikamoo, mama. Mvua ya juzi haikukusumbua humu?"

Jamani. Mama yangu huyu nikiwa na miaka saba alinirudisha dukani kwa mguu, juani, nikarejeshe chenji iliyozidi. Nilijua atasema kweli, na nusu ya moyo wangu ilimwomba aseme, nipumzike.

"Marahaba, baba. Nalala pakavu," akasema. Kikohozi kikambana. "Ni harufu ya rangi tu."

Ningeweza kufungua mdomo. Mkaguzi akaandika kwamba paa limekamilika, akanipa nitie sahihi, nikatia. Kuanzia hapo hakuna senti ya benki itakayonunua bati tena.

Alipoondoka nilipiga magoti mbele ya mama, nikalia kama mtoto. "Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, ndiyo maana nimedanganya," akasema. Alikuwa akikunja nguo zake, akizipanga mbali na ukuta uliolowa. "Ningekuwa bado na kwangu, mwanangu, ningeondoka leo."